Rafiki wa Shikamoo

Aristotle hakuwa na matumaini makubwa na urafiki wa wazee. Katika maandishi yake ya maadili alitenga vitabu viwili vizima kwa ajili ya urafiki, na humo akawagawa marafiki mafungu matatu: wanaofuatana kwa manufaa, wanaofuatana kwa raha, na wale wachache wanaopendana kwa sababu kila mmoja ameuona wema wa mwenzake. Vijana aliwaweka kwenye raha. Wazee aliwatupa kwenye manufaa, na hata huko akawasindikiza kwa kijembe: ni watu wakali, alisema, na kukaa nao hakuna utamu wa kumvuta mtu. Aliyeandika hayo alifariki akiwa na miaka 62. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, angekuwa na uzoefu wa miaka miwili tu.

Si vyema kumcheka haraka, hata hivyo. Swali alilolichokoza bado linasumbua: je, watu wasiolingana wanaweza kuwa marafiki kweli, au kinachoitwa urafiki baina yao ni huruma ya mmoja na shukrani ya mwingine? Kulipima hakuhitaji ukumbi wa chuo. Barabara yoyote yenye kivuli inatosha, saa za jioni, kijana anapojikuta anatembea na mzee wa nyumba ya pili.

Tuichukue Tanga. Barabara inayotoka mjini ikapita Hospitali ya Bombo kuelekea Raskazone inaambaa na bahari, na jioni watu huipita kwa miguu na kwa baiskeli, chombo ambacho mji huo haujakiacha. Tumweke hapo kijana wa miaka 30, mhasibu, aliyehamishiwa Tanga kikazi na asiye na ndugu mjini. Jirani yake ni mzee wa miaka 79, mgane, mstaafu wa mashamba ya mkonge, ambaye watoto wake wote wako Dar es Salaam. Wawili hawa ni wa kubuni, lakini ni mitaa michache ya pwani isiyo na jozi ya namna hiyo. Mzee hutoka baada ya sala ya alasiri. Kijana hurudi kutoka kazini saa kumi na moja. Siku moja wanakutana getini, wanaelekea upande mmoja, na kwa kuwa ni aibu kumwamkia mtu mzima kisha ukampita mbio, kijana anapunguza mwendo.

Urafiki mwingi huanza hivyo, kwa adabu iliyokosa mahali pa kuishia.

Saa nayo ina mchango wake. Tanga iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, na mwaka mzima saa ya jua kuzama haisogei zaidi ya nusu saa hivi. Jioni ya pwani ni ileile Januari na Julai, imebanwa kati ya alasiri na magharibi, kwa hiyo miadi haihitaji kutajwa. Hakuna anayempigia mwenzake simu wala kumwalika. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaliko huleta mwenyeji na mgeni, mgeni huletewa chai, na chai huzaa deni. Ndani ya nyumba mzee angekalia kiti chake cha siku zote na kijana angejikunyata kwenye stuli akijibu maswali. Barabara haina mwenyeji. Tena watembeao hawatazamani. Macho yakiwa na kazi ya kuangalia mashimo na bodaboda, ulimi hulegea, na jambo ambalo mtu asingelisema akiwa amekaziwa macho hutoka lenyewe. Immanuel Kant, ambaye matembezi yake ya kila siku mjini Königsberg yamegeuka hadithi, alipendelea kutembea peke yake kwa sababu ya afya: alitaka kupumua kwa pua, na mazungumzo yangemlazimu kufungua mdomo. Kwa mtu aliyeandika kwa kina kile kuhusu wajibu wa mtu kwa mtu, hiyo ilikuwa hasara ya kujitakia.

Kizuizi cha kwanza ni shikamoo yenyewe. Salamu hiyo ikishatoka, vyeo vimeshapangwa, mmoja juu na mwingine chini, na marahaba inathibitisha. Mengine yanafuata: kijana hamwiti mzee kwa jina, hamkatizi, hamwulizi mambo ya ndani, na asipokubaliana naye ananyamaza. Wapo walioichukua hali hiyo mpaka mwisho wake. Monica Wilson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, alieleza jinsi Wanyakyusa wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa walivyojenga vijiji kwa marika: wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka kwa wazazi wao wakaanzisha makazi yao, wakakulia humo, wakaoa wakiwa humo. Kwao ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzio na kuzungumza, ulikuwa miongoni mwa mema makubwa ya maisha, na ulipatikana kwa watu wa rika moja. Mkubwa ni wa kuheshimiwa; wa kuzungumza naye ni mwenzio. Hoja hiyo si nyepesi, maana hawakuwa watu wa kuwadharau wazee. Waliona tu kwamba heshima na uchangamfu ni vigumu kukaa mkeka mmoja.

Lakini jamii nyingi za Afrika Mashariki, zenye heshima ileile, ziliacha mlango mmoja wazi. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, akamlalamikia bibi kwamba siku hizi mke mdogo ndiye ajuaye kupika. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu na kumuuliza mahari ameificha wapi. A. R. Radcliffe-Brown, aliyeandika kuhusu utani mwaka 1940, aliiona mantiki yake: baba na mama wana kazi ya kulea na kuadibu, kwa hiyo kati yao na mtoto lazima pawe na umbali, babu na bibi kazi hiyo si yao tena, na mamlaka yakiondoka mzaha huingia.

Jirani mzee huazima mlango huohuo. Hana damu na kijana, ila baada ya wiki chache salamu inapata mkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo umechelewa. Umeoa bila kuniambia?"

"Nimuoe nani, babu, na wazuri wote mlishawamaliza nyie?"

Shikamoo imebaki mahali pake. Haikuondolewa, wala haikuhitaji kuondolewa, imepata jirani.

Kizuizi cha pili ni kibaya zaidi kwa sababu kimevaa sifa. Mwaka 1960 Amadou Hampâté Bâ wa Mali aliwaambia wajumbe wa UNESCO kwamba barani Afrika mzee akifa ni maktaba iliyoungua. Alikuwa akitetea elimu ya mapokeo isiyoandikwa, na alikuwa na kila haki. Tangu hapo usemi umezunguka dunia mpaka umechakaa, na Oktoba mosi, Siku ya Kimataifa ya Wazee, ni nadra hotuba kupita bila usemi huo. Tatizo ni kwamba maktaba haina hamu ya kujua umeshindaje. Watu huingia, huchukua walichokifuata, huondoka. Kijana anayetembea na mzee huku amewasha kinasa sauti cha simu amempandisha cheo, na papo hapo amemrudisha kwenye fungu la Aristotle, la manufaa. Simone de Beauvoir, katika kitabu chake kuhusu uzee cha mwaka 1970, aliligusa hili bila kupaka mafuta: jamii humtaka mzee awe mtulivu mwenye mvi na hekima, na akishindwa humgeuza kichekesho, kwa vyovyote vile anawekwa nje ya ubinadamu wa kawaida.

Afrika Mashariki inaijua na sura ya tatu. Katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine na jamaa zao wenyewe huku nyuma ya tuhuma kukiwa na ugomvi wa ardhi, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la walionusurika. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe waliuawa kwa kuwa na macho mekundu, na wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Haya yametokea katika jamii zinazomfundisha mtoto kumheshimu mzee kabla hajajua kuhesabu. Heshima haikuwakinga. Pengine hata ilichangia, maana mtu anayeamkiwa na wote na asiyezungumza na yeyote ni rahisi kuzuliwa jambo; hakuna wa kusema, mimi nilikuwa naye jana jioni, na tulikuwa tunabishana kuhusu mkonge.

Kubishana: hapo ndipo penye kiini. Kinachomtoa mzee kwenye maktaba, kwenye kichekesho na kwenye tuhuma ni kitendo ambacho malezi yetu yanakiita utovu wa adabu.

Turudi Raskazone. Mzee aliingia korona, kile kiwanda cha shambani cha kusindika mkonge, katikati ya miaka ya 1960, kijana wa miaka kumi na tisa. Anajua jani linavyoingia kwenye mashine likatoka nyuzi, singa zinavyooshwa na kuanikwa juani, zinavyopitishwa kwenye brashi na kufungwa marobota. Anajua maji ya mkonge yanavyowasha mikono hata baada ya kuoga. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 na kuongoza duniani, kisha ukaja mteremko mrefu, na kwa mzee sababu ya mteremko huo ni moja: utaifishaji wa mwaka 1967. Wazungu waliondoka, vipuri vikakosekana, mashine moja ikaanza kuvuliwa vyuma ili nyingine izunguke. "Nilikuwepo," anasema, na kwa kawaida neno hilo hufunga mjadala.

Kijana amesoma habari nyingine. Bei ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha lililoleta utaifishaji huo, na baadaye kamba za polipropilini zikachukua soko la wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia nyasi kavu kwa kamba za mkonge. Anaweza kunyamaza. Kunyamaza kungeitwa adabu, ilhali ndani yake mna dharau ndogo: unamkubalia mzee kwa sababu huoni faida ya kumbishia, kama unavyomkubalia mtoto anayesema mwezi unamfuata. Au anaweza kusema, "Babu, bei ilishaanguka kabla." Na hapo mzee husimama katikati ya njia, fimbo chini, akamgeukia.

Nani anajua zaidi, aliyekuwepo au aliyesoma? Wote wawili wana haki kwa sehemu. Bei haikuonekana kutoka korona, na shahidi wa mashine si shahidi wa soko la London. Lakini majedwali ya bei nayo hayakuiona mashine ikivuliwa vyuma. Mzee atakasirika, na kesho yake atatokea getini na hoja aliyoichemsha usiku kucha, mapema kuliko kawaida yake. Huyo si mtu anayetunzwa. Ni mtu anayetarajiwa bado kubadilisha mawazo, yake au ya mwenzake.

Plato alilionyesha hili vizuri kuliko mwanafunzi wake. Mwanzoni mwa kitabu chake cha Jamhuri, Socrates anamkuta mzee Cephalus kule Piraeus na kumwambia kwamba anapenda kuzungumza na watu wa umri mkubwa, kwa kuwa wametangulia kwenye njia ambayo huenda naye ataipita, basi ni vyema kuwauliza kama ina mawe au ni laini. Mpaka hapo ni adabu tupu, na waheshimiwa wengi wangeishia hapo na picha ya pamoja. Socrates haishii. Kutokana na maneno ya mzee anachomoa dhana kwamba haki ni kusema kweli na kurudisha cha mtu, na anaitia shoka palepale: rafiki aliyekukabidhi silaha akirukwa na akili, nazo utamrudishia? Cephalus anamwachia mwanawe hoja hiyo, anacheka, anaenda zake kwenye sadaka, na mazungumzo marefu yanaendelea bila yeye. Wasomaji wengi humwona mzee aliyeshindwa akakimbia. Mwandishi wa makala haya anauona ule mcheko. Mzee aliyebishiwa akatoka anacheka ameheshimiwa kuliko aliyetikisiwa vichwa mpaka akasinzia.

Aristotle alipendekeza hesabu nyingine kwa marafiki wasiolingana: mbora apendwe zaidi ya anavyopenda, ili mizani ikae sawa. Hesabu hiyo inadhani ubora hukaa upande mmoja. Barabarani hauko hivyo. Kwenye korona mzee yuko juu, kwenye bei kijana, kwenye mwendo kijana tena, na ikifika habari ya kuzika mke na kuendelea kuamka asubuhi, kijana hana la kusema. Usawa wao ni wa zamu. Hata kahawa ina zamu yake. Muuzaji akipita na birika lake na kashata, mzee hung'ang'ania kulipa siku yake, na kijana mwerevu hamnyang'anyi siku hiyo. Ndiyo maana pensheni, kitu kinachojadiliwa kama bajeti tu, ina sehemu yake katika falsafa ya urafiki. Zanzibar tangu mwaka 2016 inamlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwalipa wa umri huo shilingi 2,000 za huko. Tanzania Bara bado haijafika kwenye pensheni ya wazee wote. Ni fedha kidogo, lakini mwenye bei ya vikombe viwili vya kahawa mfukoni anaweza kuwa rafiki bila kuwa mzigo.

Barabara yenyewe, ni lazima iongezwe, haiko wazi kwa wote sawasawa. Kijana akiwa wa kike na mzee wa kiume, mtaa utakuwa na maneno yake kabla jua halijazama. Bibi wa umri huohuo mara nyingi hatoki kwa ajili ya kutembea tu. Hutoka na sababu, kurudisha bakuli la watu, kumjulia hali aliyejifungua, kwenda maulidini, na urafiki wake na binti wa jirani hupatikana humohumo njiani, bila kuhesabiwa kuwa ni matembezi. Kwenye ufukwe wa Mama Ngina, Mombasa, wanawake wa kila umri hujaa jioni wakila mihogo ya kukaanga na kunywa madafu, ila wengi wao wamekuja na familia nzima.

Kuhusu kule kusimama kwa mzee katikati ya njia, sayansi ina neno. Mwaka 1997 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mfupi wa Lillemor Lundin-Olsson na wenzake kutoka Umeå, Sweden. Waliwachukua wakazi 58 wa makazi ya wazee, wakatembea nao, wakaanzisha mazungumzo njiani na kuangalia nani atasimama ili ajibu. Walisimama 12. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mwili ukizeeka, kutembea kunaanza kudai umakini ambao zamani haukuhitajika, na hakubaki wa kutosha kwa maneno. Kwa hiyo mzee anaposimama pale Raskazone kwa sababu ya bei ya mkonge, kijana hana njia rahisi ya kujua anatazama nini: uzito wa hoja, au udhaifu wa miguu. Huenda ni vyote viwili kwa pamoja.

Na hapa ndipo urafiki unapopata mtihani wake wa kweli. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume anasema Jibrili alimuusia sana kuhusu jirani hata akadhani atamfanya mrithi. Jirani harithi nyumba, hurithi wajibu. Binti wa mzee, aliyepata namba ya kijana, anapiga simu kutoka Dar es Salaam kila Jumapili. Baba anakula? Hajajikwaa? Kumbe alijikwaa, juzi tu, kwenye mzizi uliopasua lami, akashika ukuta na kusema, "Hili liishie hapa." Kijana akinyamaza, anamlinda rafiki na kumhatarisha mzee. Akisema, anamlinda mzee na kumgeuza rafiki kuwa mgonjwa anayeripotiwa. Watoto wa mbali hupenda kuwageuza majirani wema kuwa walinzi wasio na mshahara, na hawana nia mbaya.

Jibu la kiungwana ni kwamba lisemwe, lakini lianze kusemwa barabarani, kwa mwenyewe, kabla ya Jumapili. Kumzunguka mtu kwa ajili ya faida yake ni kumtoa kwenye orodha ya wanaobishiwa. Mzee atachukia. "Sasa umekuwa askari wa watoto wangu?" Huenda siku mbili asitoke, na kijana akatembea peke yake hadi Raskazone na kurudi. Siku ya tatu atakuwa getini, na masharti mkononi.

"Nitamwambia mwenyewe huyo binti. Lakini na wewe ukubali kwamba vipuri vilikosekana."

"Hilo la vipuri, babu, mimi sikuwahi kulikataa."